Sikio la Kuazima

Puge, Nzega
11 Machi 2022

Mwanangu Revocatus,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo unalijua tangu zamani na halina jipya la kukuambia. Jirani yangu Tatu anakusalimu, amepata mjukuu mwingine na hatuna raha tena kwa majigambo yake. Biharusi naye amezaa, ndama jike mwenye doa jeupe kifuani, na kwa furaha ya uzazi ameacha kunipiga teke ninapomkamua. Mkeo Levina hajambo na huo ujauzito? Mwambie akitamani udongo wa kichuguu ale, asimwonee mtu haya. Marehemu mama yako aliula kila siku na wewe ukazaliwa mzima, kelele tele.

Mvua inatuchezea. Inakuja, inalowesha vumbi, inaondoka. Mahindi yamefika kiunoni yakagoma.

Sasa nikuulize. Wiki iliyopita nilikwenda kuzunguka ngitiri yetu, lile bonde la malisho tunalolifunga kwa miiba. Sikuingia ndani, usiniwazie vibaya, nilikuwa naangalia tu kama miiba ya uzio imekaa sawa. Upande wa barabara nikakuta nguzo mbili na kibao kilichopakwa rangi nzuri, kimeandikwa VIRIDITY, na chini yake picha ya mpagazi mwenye mzigo kichwani. Niliziandika herufi zile kiganjani kwa kalamu nisije nikazipoteza njiani. Katekista akasema ni jina la mtakatifu wa kike. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari akasema ni ugonjwa wa mimea, halafu akasema anakwenda kuhakikisha, na mpaka leo anapita njia nyingine.

Wewe ulisoma seminari mpaka Kilatini kikakutoka puani. Neno hili maana yake nini? Na ni nani aliyelileta kwetu?

Ningekupigia simu, lakini unajua masikio yangu tangu ile homa. Simu kwangu ni redio mbovu, na ujumbe mfupi haumtoshi mtu mwenye maswali. Ndiyo maana nilishukuru sana ulipokuja Januari ukaketi upande wangu wa kulia mkutanoni, unanirudia maneno sikioni. Bila wewe ningerudi nyumbani sijui tumekubaliana nini. Waliposema habari ya kuilinda ngitiri na wakata mkaa, nilifurahi mpaka nikanyoosha mkono kabla ya wanaume.

Halafu wale wageni wako, waliosimama mlangoni wakipiga picha kama watu walioona bahari. Natumaini uliwaeleza kwamba lile si pori la bure. Ni akiba. Tunaifunga mvua za kwanza majani yapone, tunaifungua kiangazi ng'ombe wapone.

Barua hii nampa Anselm wa duka, atampa dereva wa basi la Arusha. Ukiipata nijibu upesi.

Shangazi yako,
Pelagia


Arusha
2 Aprili 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ililala wiki mbili kwenye ofisi ya mabasi, nimeipata juzi. Levina anatapika asubuhi na kucheka jioni. Udongo wa kichuguu ameupata, usiniulize wapi. Kazi inaendelea. Kampuni imepata wageni wengi wanaotaka kutembea kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara, na mimi ndiye ninayewaandikia maelezo ya kila kituo. Sikuwahi kudhani Kilatini kingenilisha.

Neno lako nimelifurahia mno. Ni la Kiingereza, lakini hata Waingereza wengi hawalijui. Ukilitamka sokoni kwao watakutazama kama mwalimu wenu alivyokutazama. Maana yake ni hali ya kuwa kijani. Si rangi tu, kama rangi ya kitenge, ni ile hali ya jani kuwa hai na kujaa maji.

Limeanzia Kilatini. Kuna kitenzi virere, kuwa kijani, kuchipua, kuwa na nguvu. Humo likatoka viridis, yaani -a kijani, na humo tena likatoka viriditas, ule ukijani wenyewe. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalipokea kwao karne nyingi zilizopita, wakalikata mkia likawa viridity. Limesafiri kama mzigo wa msafara, Shangazi, kutoka bega hili hadi bega lile. Zaidi ya miaka mia nane iliyopita kulikuwa na mtawa wa kike huko Ujerumani aliyelipenda kuliko watu wote. Kwake lilikuwa nguvu ya Mungu inayopita ndani ya mti na ndani ya mwili wa mtu, inayofanya kitu kichipue na kupona. Baadaye wengine walilitumia pia kwa mtu mbichi, asiyeijua dunia, lakini hiyo haituhusu.

Sisi tunasema kijani, rangi ya jani, na tukitaka kukazia tunasema kijani kibichi. Watu wa pwani walikuwa na chanikiwiti. Yote mazuri, ila nikikumbuka bonde letu mwezi wa kwanza, majani yanafika kifuani, umande haujakauka, naona hakuna hata moja linalotosha. Hili linatosha.

Kuhusu kibao, nadhani ni sehemu ya ule ulinzi. Usijisumbue.

Msalimie Tatu, na huyo mjukuu.

Mwanao,
Revocatus


Puge
9 Mei 2022

Mwanangu Revocatus,

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Niliipeleka kwenye jumuiya, nikawasomea, na katekista akasema yeye alijua ni kitu kitakatifu. Mwalimu amepelekewa habari. Amesema ndivyo alivyotaka kusema.

Tuko salama. Yule mtoto wa jirani Tatu anayeishi Ziba ameleta ng'ombe wake wanane kwa mama yake, huko kwao majani yamekwisha na huu ni mwezi wa tano tu! Mvua imekatika kabisa. Ndama wa Biharusi nimemwita Seminari kwa sababu anakula sana na hana kazi. Usikasirike.

Sasa, baba. Umenieleza ukoo wote wa neno, nani alimzaa nani, mpaka kwa mtawa. Lakini nilikuuliza maswali mawili, umejibu moja. Nani ameweka kibao? Na kama ni ulinzi, mbona hakikuandikwa Marufuku Kukata Miti, wakata mkaa wakaelewa?

Jingine linanishangaza. Watu wananishukuru. Mwenyekiti wa kijiji alinisimamisha njiani akanishika mikono yote miwili, midomo yake inasema asante, asante mama. Mke wa Anselm kanipa mafuta ya kula bure, kanionyesha kwa vidole kwamba barabara itachongwa. Mimi nimefanya nini? Nimecheka tu kama wanavyocheka watu wasiosikia. Ukiwa hivi, unajifunza kucheka wengine wakicheka, usionekane mjinga.

Mtawa wako namwelewa. Ila sijui kama alikuwa na ng'ombe. Kwangu mimi majani kuwa kijani ni nusu ya habari, nusu iliyobaki ni nani atakula. Babu yetu mkuu hakufunga bonde lile ili alitazame. Alichoka kubeba mizigo ya watu hadi pwani, akarudi na bega bovu, akakuta kiangazi kimemaliza mifugo ya baba yake. Ndipo akaburuta mwiba wa kwanza. Hayo unayajua, nilikuimbia ukiwa mgongoni.

Mwaka huu tutafungua mapema, mwishoni mwa Julai. Uje. Baba yako Sylvester hayupo tena duniani, wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile, wewe ndiye wa kuvuta miiba mlangoni. Na kama kawaida anayetangulia kuingia ni ng'ombe aliyekonda kuliko wote kijijini, wa nani asiwe wa nani. Nadhani mwaka huu atakuwa mmoja wa wale wa Ziba. Wanatia huruma.

Shangazi yako,
Pelagia


Arusha
28 Juni 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilinizidi. Levina sasa ni mzito, daktari anasema mtoto yuko vizuri. Septemba atakwenda kujifungulia kwa mama yake, huko Ipuli Tabora, ili awe karibu na hospitali na karibu na wewe pia. Tunajua kwamba kwetu shangazi ndiye anayempa jina mtoto wa kwanza. Mimi nimefikiria, akiwa wa kike, Viridiana. Ni mtakatifu kweli, katekista hakukosea sana! Lakini neno la mwisho ni lako.

Julai sitaweza kuja. Wageni wanaanza kuingia na mimi ndiye nawapanga.

Shangazi, nimewaza juu ya mifugo. Je, si wakati wa kupunguza? Uuze wawili watatu, ubaki na Biharusi na ndama, mimi nitakutumia mashudu na pumba kwa basi. Umri wako si wa kukimbizana na ng'ombe juani.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Utotoni, siku ya kufungua ngitiri, wenzangu walikuwa wanashangilia, mimi nilikuwa najificha nyuma ya ghala nalia. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikichungulia kwenye miiba nikiona kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na kwa wiki tatu kwato zinakigeuza vumbi. Kila mwaka. Nilipokuwa seminari nikakutana na lile neno, niliandika pembeni ya kitabu: bondeni kwetu, Januari. Ingekuwa vibaya sana kama mwaka mmoja tu bonde lisingefunguliwa? Watu kutoka mbali wakalikuta limesimama, wakajua kwamba na sisi tulikuwa na kitu kama hicho?

Nauliza tu.

Mwanao,
Revocatus


Puge
30 Julai 2022

Revocatus,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Jumatano asubuhi tulikwenda kufungua. Kwa kuwa hukuja nilivaa koti la baba yako mimi mwenyewe. Nyuma yangu watu na ng'ombe wao, na mbele ya wote yule dume wa Ziba ambaye mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Nikashika tawi la kwanza la miiba. Mtu akanishika mkono. Saidi, mtoto wa fundi baiskeli, amevaa sare ya kijani na filimbi shingoni! Anaongea, mimi sisikii. Nikageuka kuwatazama watu, nikaona wanatazama chini. Watu wazima, wote, wanatazama kwato za ng'ombe.

Nikamvuta Tatu, nikampa sikio la kulia, nikamwambia sema.

"Mama Pelagia, kwani umesahau?" akasema. "Si ulikubali mwenyewe mkutanoni? Mwenyekiti aliuliza kama wenye bonde wameridhia lisifunguliwe tena, liwe kambi ya mahema ya wageni wa njia ya misafara. Kijana wako akainama, akakusemesha. Ukanyoosha mkono juu, na kucheka ukacheka. Sisi tukasema, kama mwenyewe karidhia, sisi ni nani?"

"Na leo mmekuja na ng'ombe kufanya nini?"

"Tulidhani umebadili mawazo. Tukafurahi."

Saidi akaja kwenye sikio lilelile. "Mama, mimi nimewekwa tu hapa. Hata hilo jina la kibao alilitoa Bwana Revocatus mwenyewe siku ya mkutano. Tulimpigia makofi."

Makofi hayo nayakumbuka. Na mimi nilipiga.

Nikaomba watu waende nyumbani. Yule dume wa Ziba alikataa kuondoka, alisimama amenyoosha shingo juu ya miiba mpaka wakampiga fimbo. Nikarudi nimevaa koti la Sylvester, nikaketi kitandani nalo mpaka Tatu akaja kunivua.

Umenisaliti, Revocatus. Naliandika neno hili wazi, nalo halihitaji Kilatini. Ningeibiwa na mgeni ningelia nikanyamaza. Wewe umetumia mkono wangu mwenyewe. Masikio yangu yalipoziba niliogopa kila mtu, nisijue nani ataniambia uongo na nani atachoka kunirudia. Nikasema afadhali ninaye Revocatus, likizo zote atakuwa sikio langu. Niliazima sikio kwako kama mtu anavyoazima moto kwa jirani, bila kuuliza umewashwaje.

Na wale wageni ukawaleta Januari. Januari! Wakati mle hata mbuzi wa mwendawazimu hakanyagi. Wakaona majani marefu hayana unyayo, wakadhani pale hapana mtu. Wewe ulijua kwamba hapana unyayo kwa sababu kijiji kizima kimejizuia, wengine ng'ombe wao wanalala njaa wakiyatazama majani yale. Ulijua, ukanyamaza, ukawatafutia neno zuri.

Eti ingekuwa vibaya sana. Majani ambayo hayakuliwa, mwezi wa kumi yanakuwaje? Nani alikufundisha hilo kama si mimi? Yanakuwa kuni zilizosimama.

Sitaki mashudu. Nataka jibu moja tu. Siku ile ulinisemesha nini sikioni? Liandike kama ulivyolisema, neno kwa neno.

Pelagia


Arusha
25 Agosti 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza. Levina aliniuliza ina nini, nikamwambia ni habari za ukame.

Nakuomba ulitazame jambo hili kwa upana wake. Barabara itachongwa. Vijana watapata kazi, Saidi ni wa kwanza tu. Watu watatembea pale walipotembea wapagazi wetu, na jina la babu yetu mkuu limo kwenye maelezo, nimeliandika kwa mkono wangu. Kuna familia ngapi za Kinyamwezi ambazo babu yao ametajwa kwa jina na si kwa idadi ya mizigo aliyobeba?

Kuhusu mkutano, watu wote waliona mkono wako, na mkono ule haukushikwa na mtu. Nilikusemesha kwa kifupi kama siku zote. Kelele zilikuwa nyingi, haiwezekani kurudia kila neno. Nilisema mambo ya ulinzi, na ni kweli bonde linalindwa. Sasa hivi hakuna mkaa unaokatwa mle. Hilo si ulilolitaka?

Nimetuma magunia manne ya mashudu kwa basi la Jumamosi. Uyapokee, tafadhali.

Mwanao,
Revocatus


Arusha
3 Oktoba 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dereva amenirudishia magunia yote manne. Anasema uliyatazama, ukamwambia yamekosea nyumba.

Levina yuko Ipuli tangu tarehe kumi mwezi uliopita. Mama yake anasema ni wiki mbili au tatu zimebaki. Kundi la kwanza la wageni linafika bondeni kwetu katikati ya mwezi huu, na mimi naongozana nao mpaka Tabora. Sijui kama nitaruhusiwa kupita kwako. Nani wa kuniruhusu? Ni wewe.

Kama ni Viridiana au ni jina jingine, andika hata mstari mmoja. Mtoto hawezi kubatizwa bila neno lako, na Levina anauliza kila siku kwa nini umenyamaza. Sijamwambia. Nawaza namna ya kumwambia.

Revocatus


Puge
14 Novemba 2022

Revocatus,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu ya mtoto.

Nilikaa kimya kwa kuwa nilikuwa na hasira inayotetemesha kalamu. Sasa imetulia, haijaisha. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, maana najua ulifika na wageni wako siku ya pili baada ya moto, ukaona majivu, ukarudi barabarani bila kushuka kwenye gari. Saidi aliniambia. Hukuja kwangu, na sikukutegemea.

Kwanza Biharusi. Alikufa Septemba, pamoja na ng'ombe wawili wa Tatu na karibu wote wa Ziba. Alilala mlangoni mwa zizi, uso umeelekea bondeni, na hakukubali tumgeuze. Seminari nimemlea kwa uji wa pumba kwenye sufuria yangu ya ugali. Yuko hai na anajiona mtu.

Halafu moto. Ulianza mwezi wa kumi, saa sita mchana, upepo mkali, upande wa juu wa bonde. Chanzo chake sijui na sitambunia mtu. Nilichosikia mimi ni harufu, maana pua yangu ni nzima. Miaka yote nyuma moto ukifika kwenye ngitiri unakuta ng'ombe wameshakula, unazurura kidogo unakufa. Safari hii ulikuta meza imeandaliwa. Tulitoka wote na matawi mabichi, wanawake, wanaume, Saidi na filimbi yake, hata mwalimu wa Kiingereza alikuja, akaungua nyusi. Hakuna aliyeniuliza bonde ni la nani. Tuliokoa kipande cha chini penye kisima, basi. Mahema ya wageni yaliyokuwa yamekwisha kusimamishwa yaliisha kabla hatujafika. Kibao chako kilibaki nguzo moja na herufi mbili.

Wale wa kampuni wakaja, wakatazama weusi ule, wakamwambia Mwenyekiti watatafuta kituo kingine chenye majani. Hawakuwa na ubaya. Waliambiwa kuna kijani, wakakuta hakuna.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano. Nilikwenda peke yangu, nikaketi kiti cha mbele kabisa. Tatu alitaka kukaa kulia kwangu, nikamwambia asante, kaa nyuma. Mwenyekiti alipofika kwenye habari ya bonde nilisimama, nikasema kwamba sitanyoosha mkono kwa kitu ambacho sijakiona. Tulikuwa darasani, nikampa chaki. Watu walicheka. Mwenyekiti akaandika ubaoni, anasugua na kuandika upya, mpaka ikatimia: Bonde linarudi kwa nyumba ya Sylvester, lifungwe kwa miiba, lifunguliwe kiangazi kwa ng'ombe wote wa kijiji. Nikalisoma kwa sauti, neno moja moja. Hapo hawakucheka tena, na wengine walikuwa wanafuta macho, sijui ni kwa nini, labda ni chaki. Nikanyoosha mkono. Nimeukuta ni mkono uleule.

Mvua imeshanyesha mara tatu. Bonde lilipata mvua ya kwanza juu ya majivu, na siku chache baadaye niliamka nikakuta kijani ambacho tangu nizaliwe sijakiona. Si kirefu, kinafika kwenye kifundo cha mguu tu, lakini kinang'aa mpaka mtu anafumba macho. Nililikumbuka neno lako, nikalitamka pale mlangoni, peke yangu. Ni neno zuri, sikatai. Hakukuwa na mtu wa kupiga picha.

Siku hiyohiyo tukafunga. Mwiba wa kwanza kila mwaka huburutwa na mtu wa nyumba ya baba yako. Mwaka huu ameuburuta Tatu, kwa ajili ya ng'ombe wake waliokufa.

Sasa mtoto. Juzi nilipanda basi mpaka Tabora, nikashuka Ipuli kwa mama yake Levina. Nimempakata mwanao. Ana masikio makubwa kama yako, na nilipompigia makofi nyuma ya kichwa alishtuka, nikamshukuru Mungu. Levina aliniuliza kuna nini kati yangu na wewe. Wewe ulikuwa bado unawaza namna ya kumwambia, mimi sikuwaza, nikamweleza yote kama nilivyokuandikia hapa. Alilia, akaniandikia maswali kwenye daftari la kliniki, nikayajibu yote.

Uliniandikia nitume jina, hata mstari mmoja. Nimeshampa mtoto jina lake, nalo si lile ulilolitaka. Nimemsemesha Levina sikioni, mlango umefungwa, wewe hukuwepo. Kwenye barua hii siliandiki, na Anselm wala dereva hawalijui.

Nenda Ipuli ukamuulize mkeo. Utainama, naye atakuambia, na utakubali kwamba ndivyo nilivyosema.

Shangazi yako,
Pelagia